"Mtoto Mgonjwa" ya Edvard Munch: Kumbukumbu ya Nyumbani Mbele ya Mhubiri

Wanafunzi wa theolojia wanapoonyeshwa kwa mara ya kwanza picha ya Edvard Munch iitwayo "Mtoto Mgonjwa", mara nyingi huuliza swali moja: Yesu yuko wapi hapa? Swali hilo ni la haki. Picha ilitoka katika nyumba ya Kilutheri, nyumba ya sala na Maandiko. Inamwonyesha binti wa nyumba hiyo akikaribia kufa. Hata hivyo ndani yake hamna msalaba ukutani, hamna Biblia mezani, wala hamna nuru ishukayo kutoka juu. Kuna mto mkubwa mweupe, kichwa cha binti, mwanamke aliyeinama, chupa na bilauri. Basi.

Tunataka kulijibu swali hilo katika kurasa hizi, ila hatutalijibu upesi. Tumeona kwamba anayelijibu upesi darasani ndiye anayefanya haraka kaburini pia, na jambo hilo la pili ndilo linalotusukuma kuandika.

Kwanza habari za nyumba yenyewe. Munch alizaliwa tarehe 12 Desemba 1863 nchini Norway, akakulia katika mji wa Kristiania, ambao tangu mwaka 1925 unaitwa Oslo. Baba yake, Christian Munch, alikuwa daktari wa jeshi na mtu wa dini sana, wa namna ile ya uchaji iliyojaa hofu ya dhambi na ya hukumu. Mama yake, Laura Cathrine, alikuwa na kifua kikuu. Mwanzoni mwa mwaka 1868, alipoona kwamba siku zake si nyingi, aliwaandikia watoto wake barua ya kuwaaga, akiwasihi wamshike Bwana Yesu ili wote wakutane tena mbinguni. Alikufa mwezi Desemba mwaka huo huo, akiacha watoto watano. Edvard alikuwa ndiyo kwanza ametimiza miaka mitano. Barua ile ilitunzwa na kusomwa katika nyumba hiyo, nao watoto wakakua wakiisikia.

Miaka tisa baadaye, mwezi Novemba 1877, ugonjwa ule ule ulimchukua Sophie, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo. Alikuwa na miaka kumi na mitano. Edvard, aliyemfuata kwa kuzaliwa, alikuwa na miaka kumi na mitatu. Naye alikuwa mgonjwa wa kifua tangu utotoni, na aliwahi kukohoa damu hata nyumba nzima ikadhani kwamba ndiye atakayetangulia. Yeye alipona, dada yake akafa. Robert Koch alikuwa bado hajatangaza ugunduzi wake wa kijidudu kinachosababisha kifua kikuu; alifanya hivyo mwaka 1882. Kwa hiyo katika chumba kile alikuwamo baba aliyekuwa daktari, ambaye hakuwa na dawa, na aliyekuwa mwombaji, ambaye sala yake haikuleta uponyaji. Msomaji aliyekaa usiku hospitalini na wazazi wa mtoto anayekufa hahitaji kuelezwa zaidi.

Sophie alikufa akiwa kitini. Kiti hicho Munch alikitunza katika maisha yake yote, akihama nacho, mpaka alipokufa tarehe 23 Januari 1944, na leo kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho linaloitwa kwa jina lake mjini Oslo. Tunalitaja jambo hili mapema kwa sababu wapo wanaodhani kwamba kumbukumbu inayopendwa ndani ya nyumba ni lazima iwe ya furaha: arusi, Krismasi, babu akisimulia hadithi. Hii ilikuwa kumbukumbu ya kifo, na mwenyewe aliipenda kuliko zote. Aliichora mara sita katika muda wa miaka zaidi ya arobaini. Mtu hakai na kiti miaka sitini na sita kwa sababu ya sanaa tu.

Picha ya kwanza ilichorwa katika miaka ya 1885 na 1886. Ni ya rangi za mafuta, karibu ya mraba, yenye takriban sentimita 120 kila upande, nayo imo katika Jumba la Makumbusho la Taifa mjini Oslo. Binti ameketi, ameegemea mto ulio mkubwa kupita kiasi, ambao umekifunika kiti karibu chote. Nywele zake ni nyekundu. Uso wake unaonekana kwa upande mmoja tu, nao ni mweupe kiasi kwamba umekaribia kupotea ndani ya weupe wa mto. Hatutazami sisi, wala hamtazami kabisa yule aliye karibu naye. Macho yake yanaelekea upande wa kulia, kwenye pazia zito la rangi ya giza. Mbele ya pazia hilo yupo mwanamke mwenye mavazi meusi, amekaa karibu naye na kuinamisha kichwa chini kabisa. Uso wake hatuuoni. Tunaona utosi, nywele zilizofungwa nyuma, na shingo.

Mwanamke huyo ni nani? Vitabu vya Kiingereza humwita kwa neno moja linalomtosha dada wa baba na dada wa mama, na anayetafsiri kwa haraka huandika "shangazi". Anayeandika hivyo ameikosa picha. Aliyemkalia Munch ili achorwe katika nafasi hiyo alikuwa Karen Bjølstad, mdogo wake marehemu Laura, aliyekuja kuitunza nyumba baada ya dada yake kufa, akawalea wale watoto watano. Kwa lugha yetu huyo ni mama mdogo. Neno hilo linabeba jambo ambalo picha nayo inalibeba: mama yupo na mama hayupo. Aliyeinama ana haki ya kulia kama mzazi, lakini amekaa mahali pa mtu mwingine, na huenda analia misiba miwili kwa pamoja, ule wa mtoto na ule wa dada aliyemwachia mtoto. Sisi hatuhitaji maelezo marefu ili kumtambua. Kila mchungaji amemkuta msibani, chumbani kwenye mkeka, naye ndiye aliyemwogesha na kumlisha mgonjwa miezi yote. Mara nyingi hatajwi katika wasifu wa marehemu unaosomwa mbele ya jeneza.

Sasa tutazame jinsi rangi ilivyopakwa, kwa kuwa hapo ndipo watu wa Kristiania walipokasirika. Munch hakuridhika na mchoro wake. Kwa mujibu wa maelezo yake mwenyewe ya baadaye, aliufanyia kazi mwaka mzima, akiupaka rangi, akiukwangua, akiupaka tena, karibu mara ishirini. Alikuwa akitafuta jambo moja, ile hisia ya kwanza: ngozi iliyo karibu kupenyeka kwa macho, midomo inayotetemeka, mikono inayotetemeka. Kila alipoongeza usahihi, jambo hilo lilikimbia. Alieleza kwamba kiti na bilauri vilikuwa vimemvuta mno, vikamwondoa kwenye kichwa cha binti, hivyo akavififisha. Hata kope za macho yake mwenyewe, alizoziona kama kivuli alipokuwa akitazama, aliwahi kuzitia katika mchoro. Matokeo yake ni turubai lenye makovu. Kuna mikwaruzo ya mlalo na ya wima kote, kama ukuta wa nyumba uliopigwa na mvua za miaka mingi. Mahali penye fujo zaidi ni katikati, pale mkono wa binti na wa mama mdogo vinapokutana. Pale hapana vidole. Mtu hawezi kusema huu ni mkono wa nani.

Wengine wamesema kwamba huo ni udhaifu wa kijana wa miaka ishirini na miwili ambaye hakuweza kuchora mikono. Hatukubaliani nao, kwani kazi zake nyingine za miaka hiyo zinaonyesha kwamba mikono aliiweza. Aliyewahi kushika mkono wa mtu anayekufa atakubali kwamba baadaye hakumbuki vidole. Anakumbuka joto, au kukosekana kwake.

Yafaa tuilinganishe picha hii na nyingine ya mji ule ule. Christian Krohg, aliyekuwa mkubwa wa Munch na mwelekezi wake, alichora "Msichana Mgonjwa" katika miaka ya 1880 na 1881. Naye alikuwa amefiwa na dada yake kwa kifua kikuu. Katika picha ya Krohg binti amekaa akitutazama ana kwa ana, amefunikwa nguo nyeupe, mikononi ameshika waridi linalonyauka. Ni kazi ya ustadi mkubwa: kila uzi wa blanketi unaonekana, na macho ya binti ni mekundu kwa kukosa usingizi. Wachoraji wengi wa Norway wa wakati huo walichora wagonjwa walioegemea mito, hata Munch mwenyewe baadaye akakitaja kipindi hicho kuwa kipindi cha mito. Lakini katika picha ya Krohg sisi watazamaji ni wageni tuliokuja kumjulia hali mgonjwa. Tunasimama mbele yake, tunaona huruma, tunaweza kuondoka. Munch ametuweka pengine. Mle chumbani amewaondoa baba, kaka na dada wadogo, akawaacha wawili tu. Na mahali tunaposimama sisi ndipo angekuwa amesimama yule mvulana wa miaka kumi na mitatu. Yeye hana la kufanya. Hakuna anayemtazama. Hata mama mdogo hamwoni.

Picha ilitundikwa katika Maonyesho ya Majira ya Kupukutika kwa Majani ya mwaka 1886 mjini Kristiania, ikiwa na jina la "Mazoezi" tu, kana kwamba mwenyewe aliogopa kuitaja kwa jina lake. Watu waliicheka. Magazeti yakaiandika vibaya, yakisema haijakamilika. Munch akampa Krohg ile picha, na kwa miaka kadhaa hakuthubutu tena kuchora kwa namna hiyo ya ukali. Lakini baadaye sana alisema kwamba sehemu kubwa ya yote aliyoyafanya baadaye ilizaliwa humo.

Hapa tunarudi kwenye swali la wanafunzi. Yapo majibu ya kichaji yanayotolewa mara kwa mara, nayo tunayaheshimu, ila hatuyapokei. Husemwa kwamba mto mweupe ni taji la nuru kama lile linalozunguka vichwa vya watakatifu; kwamba mwanamke aliyeinama ni Mariamu chini ya msalaba; kwamba bilauri ni kikombe cha Meza ya Bwana. Mto ni mto. Ulikuwamo chumbani kwa sababu mgonjwa wa kifua hawezi kupumua akilala chali. Bilauri ilikuwa na maji au dawa. Tukianza kuvigeuza vyombo vya mgonjwa kuwa alama takatifu, tunafanya lile ambalo Munch alikwangua turubai mwaka mzima ili asilifanye, yaani kuyapamba mateso ili yavumilike kwa mtazamaji.

Martin Luther, katika hoja zake za Heidelberg za mwaka 1518, alitofautisha mwanatheolojia wa utukufu na mwanatheolojia wa msalaba. Wa kwanza huita ubaya wema na wema ubaya. Wa pili hulitaja jambo kama lilivyo. Tumezoea kuifundisha hoja hiyo, ya ishirini na moja, tukiwa na falsafa ya shule za Zama za Kati akilini. Luther mwenyewe alijaribiwa kwayo nyumbani kwake miaka ishirini na minne baadaye. Mwezi Septemba 1542 binti yake Magdalena alikufa mikononi mwake, akiwa na miaka kumi na mitatu. Siku chache baadaye alimwandikia rafiki yake Justus Jonas. Alijua vema kwamba yeye na Katharina walipaswa kushukuru, kwa kuwa mtoto ametoka salama katika ulimwengu huu. Akakiri kwamba hawakuweza kushukuru bila kulia na kuugua, maana sura ya mtoto, maneno yake na namna yake ya kutembea vilikuwa vimeshika moyoni, na hata kifo cha Kristo hakikuliondoa lile jonzi kama ilivyopasa. Aliyeandika hayo ndiye mwalimu wa kuhesabiwa haki kwa imani. Hakuona kwamba imani yake inatiwa aibu na machozi, wala hakuyaficha kwa Jonas.

Barua ya Luther inatusaidia kuisoma nyumba ya Munch. Katika nyumba ile kulikuwa na maandishi mawili, ikiwa tunaweza kusema hivyo. La kwanza ni barua ya mama: mshikeni Yesu, tutaonana. La pili ni picha ya mwana. Wako wanaosema la pili limelikana la kwanza, nao wana sababu, kwani Munch aliacha uchaji wa baba yake, akaambatana na kundi la wasanii na waandishi wa Kristiania waliolipinga Kanisa waziwazi, na nyumbani kukawa na magomvi. Baba alikufa mwaka 1889 mwana akiwa Ufaransa, wala hakuwahi mazishi. Hatutaki kumfanya Munch kuwa Mkristo asiyejijua. Hilo ni kumkosea heshima. Lakini hatuamini kwamba picha imeikana barua. Barua iliandikwa na mtu aliyekuwa akiondoka. Picha imechorwa na mtu aliyeachwa. Anayeondoka anaweza kusema tutaonana. Anayeachwa ana chumba, kiti, mto na mama mdogo anayelia, na kesho yake asubuhi vyote bado vipo.

Kosa letu wachungaji, na hapa tunajisema wenyewe kwanza, ni kusoma barua pale ambapo bado hatujaitazama picha. Tunafika msibani na maneno ya Ayubu 1:21 tayari mdomoni, kana kwamba kitabu cha Ayubu kiliishia sura ya kwanza. Tunasikia wasifu ukisomwa: marehemu alizaliwa, alibatizwa, alipata Kipaimara, alisoma, aliugua kwa muda mfupi mpaka mauti yalipomkuta. Muda mfupi! Kila aliyekaa uani anajua kwamba ulikuwa mwaka na nusu. Katika miaka ile ya 1990, ugonjwa wa Ukimwi ulipokuwa ukituzikisha vijana kila juma, neno hilo "muda mfupi" lilikuwa kama pazia lile zito katika picha ya Munch, nasi wahubiri tulisaidia kulishikilia. Tulidhani tunailinda heshima ya nyumba. Pengine kwa wengine tuliilinda kweli. Lakini mama mdogo aliyekuwa akifua mashuka usiku ili majirani wasione alisikia kutoka mimbarini kwamba miezi yake yote ya kazi haikutokea.

Mtume Paulo katika 1 Wathesalonike 4:13 hakuwakataza waamini kuhuzunika. Aliwakataza kuhuzunika kama wasio na tumaini. Tofauti hiyo tunaifahamu kwa ufafanuzi wa Maandiko, ila tunaipoteza kwa mahubiri. Na Bwana mwenyewe, katika Yohana 11, alijua atakalolifanya kaburini kwa Lazaro, lakini alilia kwanza.

Kwa hiyo, Yesu yuko wapi katika picha ile? Tungemwomba mwanafunzi atazame alikokuwa akimtafuta. Alitazama ukutani na mezani, mahali tunapotundika na kuweka vitu vyetu vya dini. Mathayo 25 inamweka Mfalme mahali pengine: alikuwa mgonjwa, na kuna waliomjia na wasiomjia, nao wote wawili hawakumtambua. Tukiisoma sura hiyo kwa uaminifu tutamtafuta kitini. Mama mdogo amekwisha kumjia, wala hajui. Hatusemi kwamba Munch alikusudia hivyo. Hakukusudia. Alikusudia kumrudisha dada yake kwa dakika moja, akashindwa, akajaribu tena.

Lakini tusiisifu picha kupita kipimo. Kuna jambo inalolikosa, nalo ni neno. Katika chumba kile hakuna anayesema. Tunafahamu kwamba kimya ni sehemu ya huduma, na wapo wachungaji ambao wangemfaa mfiwa zaidi kama wangenyamaza saa nzima. Hata hivyo binti anatazama pazia, mwanamke anatazama chini, na macho yao hayakutani. Kinachowaunganisha ni ile mikono isiyo na vidole. Picha inajua mapenzi, haijui ahadi. Inatufikisha mlangoni mwa chumba na kututaka tusiseme uongo. Kuingia na kusema neno la ufufuo kwa watu hawa wawili, bila kuuinua mto kuwa taji, ni kazi ambayo haikuwa ya mchoraji.

Jambo la pili la lawama ni zile picha tano zilizofuata. Ile ya mwaka 1896, iliyochorwa Paris na sasa imo Göteborg, bado ina nguvu. Mbili zilichorwa mwaka 1907, na mbili za mwisho katika miaka ya 1920, Munch akiwa mzee mwenye sifa na fedha. Rangi zinazidi kuwa huru na za kupendeza, mikono inakwenda kwa wepesi, na makovu yamekwisha. Munch alipolaumiwa kwamba anajinakili alijitetea kwamba haja ilitoka moyoni. Tunamsadiki, hata hivyo mtazamo wetu ni kwamba moyo nao huzoea. Kumbukumbu iliyosimuliwa mara nyingi hulainika kama ngazi za kanisa la zamani, na msimulizi hupita juu yake bila kuangalia miguu. Sisi tunaohubiri mazishini kwa miaka thelathini tunajua hatari hiyo zaidi ya wachoraji.

Na moja kati ya hizo mbili za mwaka 1907 ina historia yake. Ilikuwa katika jumba la sanaa la Dresden nchini Ujerumani. Serikali ya Hitler ilipotangaza kwamba sanaa ya namna hiyo imepotoka, picha hiyo iliondolewa pamoja na kazi nyingine nyingi za Munch na kuuzwa. Ilinunuliwa na Mnorway Thomas Olsen, ambaye mwaka 1939 aliitoa kwa jumba la Tate la London, iliko mpaka leo. Mwaka huo huo wa 1939 serikali ile ile ilianza kuwaua kwa siri watoto wenye ulemavu na magonjwa yasiyotibika. Hatuna haja ya kuyaunganisha mambo haya mawili kwa hoja. Inatosha kwamba mikono ile ile iliyoiondoa ukutani picha ya mtoto mgonjwa na mama mdogo wake ilikuwa na mpango kuhusu watoto wagonjwa.

Kutoka katika Kanisa lililomlea Sophie walikuja wamisionari waliofungua hospitali ya Haydom huko Mbulu, iliyoanza kazi mwaka 1955. Miaka sabini na minane ilikuwa imepita tangu kifo chake, na kwa wakati huo dawa za kifua kikuu zilikuwa zimepatikana. Nyumba kama ya Munch, yenye barua ya mama, sala ya baba na chupa isiyosaidia, si habari za mbali kwa wanaoitwa Walutheri upande huu wa dunia.

Tumeulizwa kama picha hii ifaa kuonyeshwa kwa wafiwa. Hapana. Siku ya msiba waliofiwa wanayo picha yao, nayo ni kali vya kutosha. Mahali pake ni chuoni, katika somo la huduma ya uchungaji, mbele ya mwanafunzi ambaye bado hajamzika mtu. Aketishwe mbele yake nusu saa bila kuandika. Kisha aulizwe, kati ya wale wawili mle chumbani, angemwendea nani kwanza, na angemwambia nini yule ambaye uso wake hauonekani.